Sukari ya Kuona Mtoto

Jumamosi, 1 Machi

Leo tumemrudisha Hiram nyumbani. Miezi mitatu katika kituo cha waraibu huko Kajiado imempunguza shingo lakini imemrudishia macho. Mshauri wao, Madam Kaveke, alitukalisha mimi na Mama kwenye benchi akatuambia familia inaweza kusaidia kwa kuandika.

"Kila siku, hata mstari mmoja. Amelala vipi, amekula nini, amekasirika na nani. Msiandike mnachodhani. Andikeni mlichoona."

Mama akanigeukia. "Huyu ni karani. Ataandika."

Kwa hivyo ninaandika. Mimi ni Nyawira, nina miaka ishirini na sita, na ninatunza faili katika ofisi ya mpima ardhi mjini Kajiado. Ofisini nikikosea herufi moja katika nambari ya shamba, watu wawili wanaweza kufikishana mahakamani, kwa hivyo nimezoea kuangalia mara tatu. Hiram ni kaka yangu, ananizidi miaka mitano. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na amekuwa mlevi tangu nikiwa kidato cha tatu.

Tulipofika nyumbani Kitengela alikuta Mama ameweka kufuli kwenye kabati la jikoni. Zamani alikuwa akibeba sukari na mafuta ya kupikia, anaviuza kwa bei ya hasara, anakunywa. Siku moja alibeba mtungi wa gesi sufuria ikiwa bado juu ya moto.

"Si kwa ubaya, Hiram," Mama alisema.

"Najua, Mathe. Hata mimi ningefunga."

Funguo ni mbili. Mmoja anao Mama, mwingine ninao mimi.

Jumapili, 2 Machi

Amelala saa tatu usiku. Amekula wali na kabeji. Hajakasirika na mtu.

Jumatatu, 3 Machi

Chai yake anatia vijiko vitano vya sukari. Madam Kaveke alituonya kuhusu hilo: mwili ulioachishwa pombe hutafuta kitu kitamu mahali pake, ni kawaida, tusishtuke. Mama ameshtuka.

Alhamisi, 6 Machi

Joto. Mawingu yanakuja mpaka juu ya viwanda, kisha yanarudi.

Jumamosi, 8 Machi

Kina mama wa kanisa walikuja kumwona Hiram. Wao humwita mama yetu Mama Hiram, kama ilivyo desturi, kwa jina la kifungua mimba. Miaka yote hii nimemwona akiitikia jina hilo kama mtu aliyeitwa na polisi.

Walimwombea Hiram. Kisha Mama Eunice, ambaye husema kwa sauti kile ambacho wengine hunong'ona, akanishika mkono juu ya kiwiko akaufinya kama mtu anayechagua parachichi.

"Na huyu sasa! Umenona, Nyawira. Umekuwa mzuri. Mtu akikuona anajua kwa Mama Hiram kuna chakula."

Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii. Akamwambia Hiram, "Unaona dada yako? Hivyo ndivyo mtu aliyetulia huwa."

Hiram amekula chapati mbili. Amelala mapema.

Jumanne, 11 Machi

Niliambiwa niandike nilichoona. Leo sikumwona Hiram hadi jioni, kwa hivyo nitaandika nilichoona mchana.

Asubuhi mkubwa wangu, Bwana Kisemei, aliuliza faili ya mteja wa Ngong, nikaikosa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Itafute," akarudi ofisini mwake. Niliipata baada ya dakika kumi, ilikuwa mahali pake, nilikuwa nimeipita kwa hofu. Saa saba nilikula wali maharagwe pamoja na Lorna, mwenzangu wa pale ofisini, nikashiba. Saa nane nilitoka kwenda kutoa nakala, nikanunua mkate, nikaingia stoo ya ramani nikaula wote. Mkate mzima, mkavu, nikiwa nimesimama. Kipande cha kwanza kilikuwa kitamu. Vingine sikumbuki ladha yake. Nilipomaliza nilikunja karatasi mara nne nikaitia ndani ya kiatu changu, kwa sababu ndoo ya taka ya pale humwagwa na Lorna.

Si mara ya kwanza. Ni mara ya kwanza kuiandika.

Jumatano, 12 Machi

Hiram amelala vizuri. Amepata kazi ya kutengeneza geti la jirani.

Alhamisi, 20 Machi

Kulikuwa na kambi ya matibabu ya bure karibu na soko la Kajiado. Lorna alinivuta twende tupimwe. Nilivua viatu, nikavua sweta, nikavua na saa ya mkononi. Kilo tisini na nane. Presha pia iko juu.

Muuguzi alikuwa kijana mcheshi. "Punguza chapati, mrembo."

Lorna akaruka kunitetea. "Wee, daktari, acha wivu! Kwetu tukimwona hivi tunauliza mahari ni ng'ombe ngapi."

Wote waliokuwa kwenye foleni walicheka, nami nikacheka. Nina kicheko changu cha hali kama hiyo. Kinaanza kabla ya cha wengine ili kionekane ni changu.

Nimeapa. Kuanzia kesho ni chai kavu asubuhi na sukuma wiki jioni.

Ijumaa, 21 Machi

Chai kavu. Sukuma wiki.

Jumamosi, 22 Machi

Chai kavu. Saa kumi, mandazi tisa. Hiram ameshinda kwenye geti la jirani, amerudi amechoka vizuri.

Jumanne, 25 Machi

Mvua imenyesha. Udongo mweusi umeamka, viatu vya Hiram na vyangu viko nje ya mlango vikiwa na uzito sawa.

Alhamisi, 27 Machi

Leo Hiram amenijua.

Mama alikuwa kwenye maombi ya alasiri. Mimi nilikuwa chumbani na pakiti ya biskuti, nikiifungua polepole sana. Hiram alibisha mlango mara moja akabaki nje.

"Nyawi. Naweza kuongea kitu?"

Nikaisukuma pakiti chini ya mto. Aliingia akaketi kwenye stuli, hakuutazama mto.

"Karatasi ukiifungua haraka, inapiga kelele mara moja, mtu anasahau. Ukiifungua polepole inalia nyumba nzima. Mimi nilikuwa nafungua kifuniko ya chupa hivyo hivyo. Nilidhani hamsikii."

Nilimwambia nilikuwa na njaa.

"Sawa. Ulikuwa na njaa?"

Nilikung'uta vipande vya biskuti kwenye sketi.

"Unaficha karatasi wapi?"

"Kwa viatu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayemsikiliza fundi mwenzake. "Mimi nilikuwa nazika chupa kwa gunia la makaa. Unaapa Jumatatu?"

"Jumatatu, na tarehe moja."

"Na ukivunja kidogo, unasema basi leo imeharibika, maliza yote."

Hapo nililia. Nilimwambia mimi ni mlafi tu, hakuna jina lingine, na aibu ya ulafi ni yangu, asiulinganishe na ugonjwa wake.

"Usijiite hivyo. Mlafi anasikia utamu. Wewe unasikia?"

"Kipande cha kwanza."

"Basi." Akaisogeza stuli karibu. "Kule kituoni kulikuwa na msichana mwembamba kama fito. Tulidhani yeye ni wa vidonge. Kumbe alikuwa anakula hivi, halafu anatapika. Kwa hivyo si unene, Nyawi. Kuna watu wanene wanakula wakishiba wanaacha, wamelala raha. Unene wako ni kama macho yangu mekundu. Inakuja nyuma ya hiyo kitu, si yenyewe." Kisha akasema, "Mimi angalau chupa naweza kuiruka. Napita njia nyingine. Wewe lazima ukutane na yako mara tatu kwa siku, na Mathe amekupakulia. Hiyo singeweza."

Nilimsihi asimwambie Mama.

"Siwezi kukuuza," alisema. "Lakini enda kwa Kaveke. Hata mambo ya chakula anayajua."

Sijui kama nitaenda. Pale watu huingia wakiwa wametetemeka, wamepoteza kazi, wamepiga wake zao. Niingie niseme nini, biskuti?

Jumapili, 30 Machi

Amelala saa nne. Amekula githeri. Mimi pia.

Jumatano, 2 Aprili

Siku nne bila kula kwa siri. Hiram huniuliza kwa vidole tunapokutana mlangoni, nami namwonyesha vinne. Yeye hawezi kuonyesha zake kwa vidole, ni nyingi mno.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikuonyesha kidole. Hakuuliza tena.

Jumamosi, 5 Aprili

Ciku, jirani yetu wa kanisani, amejifungua mvulana. Kina mama watakwenda kumwona mtoto Ijumaa baada ya Pasaka. Vitu vya kubeba vinakusanywa kwetu, kwa sababu Mama ndiye mwenye kabati lenye kufuli, na kwa sababu, nadhani, wanataka kumwonyesha kwamba bado wanamwamini. Mama ameufuta ubao wa juu kwa kitambaa chenye sabuni. Alisema, "Miaka mitatu hawajaweka kitu kwangu."

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua siku ya tano. Kabatini kuna pakiti sita za sukari, unga wa uji, maziwa ya unga, biskuti, na chupa ya asali kutoka Mashuuru aliyoileta Lorna, ingawa yeye si wa kanisa letu. Ninajua kila kitu kilipo. Nikiwa ofisini ninajua kilipo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Hiram alisimama kanisani akasema siku zake: mia moja na arobaini na moja. Watu walipiga makofi. Mama Hiram aliitwa jina lake na mchungaji mbele ya wote, akaitikia wima. Nimeandika nilichoona.

Jumatano, 23 Aprili

Keki imeletwa. Imeandikwa juu kwa rangi ya samawati: Karibu Mtoto. Mama aliibeba mpaka kabatini kama mtu abebaye maji bila ndoo.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua kubwa. Sitaandika leo.

Ijumaa, 25 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu.

Jana saa sita Bwana Kisemei alitufungia ofisi kwa sababu mto ulikuwa unapanda na wengine tungekwama. Nilifika nyumbani saa nane. Mama alikuwa amekwenda kumsaidia Ciku kufua nguo. Hiram alikuwa kwa jirani akimalizia geti la pili, nilisikia nyundo yake. Nyumba ilikuwa yangu.

Nilifungua kabati. Nilijiambia ninahesabu vitu, nihakikishe unyevu haujaingia kwenye sukari. Hata peke yangu nilijidanganya kwa lugha ya ofisi.

Nilianza na pakiti moja ya biskuti kwa kuwa biskuti zilikuwa nyingi na moja isingejulikana. Kisha ya pili. Kisha nilikata keki pembeni, kipande chembamba, nikijiambia keki itabaki sawa. Haikubaki sawa, nikakata upande wa pili. Baada ya hapo siwezi kusema nilikula. Kulikuwa na mkono, kulikuwa na mdomo, na mimi nilikuwa mahali pengine nikingoja viishe. Nilikula neno Karibu, nikala neno Mtoto. Nilinywa asali kwenye chupa. Nilitoboa pakiti ya sukari nikaila kwa kijiko, nikisikia inavyosagika, hata nilipokuwa na maumivu tumboni mpaka nikashika ukingo wa meza. Njaa haikuwepo tangu mwanzo. Nilichokuwa nacho ni ile hofu ya kila siku, na kwa muda wa kama nusu saa haikuwepo. Hiyo ndiyo bei yake na ndiyo faida yake.

Nilisikia watu getini, kumbe ni wapita njia. Nikakusanya karatasi zote na boksi la keki, nikavitia kwenye mkoba wa ofisi. Nikafunga kufuli.

Leo nilitaka kununua vyote upya. Keki ya namna ile huagizwa siku mbili kabla. Nilizunguka Kajiado mchana kutwa nikitafuta inayofanana, nikapata isiyo na maandishi, nikaogopa kuuliza kama wanaweza kuandika. Kina mama walipaswa kuja saa kumi na moja. Nilifika saa kumi na nusu, nikawakuta wamekwisha kufika, makapu wazi, na kabati wazi.

Mama alikuwa amesimama mbele yake na ufunguo mkononi.

Mama Eunice ndiye aliyeanza. "Ama ni Nyawira! Kuja hapa, msichana, fungua mdomo tuone keki!"

Walicheka wote, kicheko cha kumwokoa Mama. Mimi nilicheka wa kwanza. Mungu ananiona, nilicheka nikafungua mdomo kweli, nikautoa ulimi, wakacheka zaidi. Ukweli ulikuwa umesemwa na ukapita.

Kisha Mama akauliza, polepole, "Nyawira, ufunguo wako uko wapi?"

Ningeweza kusema neno moja. Niliutoa mkobani nikasema, "Nadhani jana niliusahau kwenye kufuli."

Ni sentensi ya maneno matano. Nimeihesabu. Haikumtaja mtu.

Hiram aliingia wakati huo huo, mikono myeusi kwa moshi wa kuchomelea, akawasalimu kina mama mmoja mmoja kwa heshima kama alivyofundishwa. Hawakuitikia vizuri.

"Vile vitu uliviuza wapi?" Mama alimuuliza.

"Viti gani?"

"Si viti! Vitu. Vya mtoto wa Ciku. Keki, Hiram. Umeuza keki ya mtoto mchanga kwa walevi!"

Alitazama kabati. Akatazama pakiti ya sukari iliyotobolewa, shimo dogo la kijiko. Kisha akanitazama mimi. Alijua, na alijua kwamba ninajua kuwa anajua, na alisubiri. Alinipa nafasi kubwa kabisa. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Mimi niliangalia vigae vya sakafu.

"Mathe, sijauza kitu," alisema.

"Ulikuwa hapa jana kutwa nzima! Nyawira alisahau ufunguo, wewe ukaona. Siku mia moja na arobaini na moja, na mbele ya kanisa!"

Akasubiri tena kidogo. Halafu akasema, "Sawa." Akachukua jaketi lake msumarini akatoka.

Aliahidi hataniuza. Nami nilimuuza yeye kwa kunyamaza.

Jumamosi, 26 Aprili

Hajarudi. Mvua.

Jumapili, 27 Aprili

Mama hakwenda kanisani. Hajarudi.

Jumatatu, 28 Aprili

Hajarudi. Nimekula asubuhi, mchana, na kati ya vyote viwili.

Jumanne, 29 Aprili

Lorna alinikuta stoo ya ramani. Hakuuliza kwa nini nimeketi sakafuni. Alisema, "Sopa, Nyawira," kwa sauti ya chini, nami nikaitikia salamu hiyo ya Kimaasai, "Ipa," kama alivyonifundisha. Kisha akaniambia binamu yake Lemein amempigia simu. Lemein ana karakana ya kuchomelea huko Mashuuru, aliwahi kufanya kazi na Hiram. Hiram yuko kwake.

"Anakunywa?"

"Lemein amesema anakunywa asubuhi."

Jumatano, 30 Aprili

Nimemwambia Mama.

Alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Nilisimama kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. "Mama, vitu vya Ciku nilikula mimi."

Aliendelea kuchambua. "Vyote?"

"Biskuti, keki, asali. Sukari niliila kwa kijiko."

"Mtu mmoja."

"Mtu mmoja, Mama. Ufunguo sikuusahau."

Aliacha kuchambua, akanitazama. Kisha uso wake ukalegea, na hapo ndipo nilipojua nimeshindwa.

"Uko na roho ya baba yako," alisema. "Hata yeye, Hiram akivunja kitu, alikuwa anasema ni yeye amevunja ili nisimchape mtoto. Nyawira, usijibebee dhambi ya mtu."

"Si uongo. Huwa ninakula nikiwa peke yangu. Siwezi kuacha. Ni kama Hiram na pombe."

"Wacha hiyo! Usifananishe." Alikasirika kidogo, akarudi kuwa mpole. "Na hata kama ulionja, ulionja. Mtoto akila kwao ni mwizi? Chakula ya nyumbani haiibiwi. Kula si kulewa. Hakuna mtu ameanguka kwa mtaro kwa sababu ya keki."

Nilitoa karatasi za biskuti na boksi la keki kutoka kwenye mkoba. Nilikuwa bado nazo. Alizishika, akazigeuza. "Ulienda kumtafutia hizi kwa taka zake," alisema. Macho yalimjaa machozi, kwa ajili yangu, kwa wema wangu.

Kisha akanipakulia. Ugali, maharagwe ya jana, na kipande cha nyama alichokuwa amejiwekea. "Kula. Wiki hii umekonda."

Sijakonda. Nilikula chote, mbele yake, na alinitazama nikila kama mtu anayetazama mvua baada ya kiangazi.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda Mashuuru na Lorna. Hiram alikuwa ameketi juu ya mtungi mtupu nyuma ya karakana ya Lemein, saa nne asubuhi, macho yamesharudi kuwa yale ya zamani. Lorna alibaki mbele na binamu yake.

"Nyawi. Umekuja kuniandika?" alisema. "Andika. Amelala kwa mabati. Amekula hakuna. Amekasirika na dada."

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa, ulikuwa na sehemu tatu, nikasahau ya pili.

"Ungesema tu. Neno moja. Wangekufanya nini? Wangecheka."

"Hicho ndicho nilichoogopa."

Alifikiri juu ya hilo. Nadhani alilikubali, na kukubali kwake kulinichoma kuliko kama angenitukana.

"Ile Ijumaa sikukunywa," alisema. "Nataka ujue hiyo. Nilitembea, nikalala kwa rafiki, mkavu. Jumamosi nikaamka, nikajiuliza, jina nimeshapewa, nalibeba bure kwa nini? Nikaenda." Alipangusa mdomo. "Mimi nikianguka, naanguka kwa barabara, hata mbwa anajua. Wewe ukianguka, unaambiwa umenona."

Nilimwambia nimekiri kwa Mama.

"Akasema?"

"Akanipakulia nyama."

Alicheka mpaka akakohoa, akashika mbavu, nami nikacheka naye, cha kweli, cha kwanza baada ya wiki nyingi. Kisha yeye akaacha, na mimi nikaacha. Nilimsihi turudi kituoni. Alisema hawezi kusimama tena mbele ya wale watu aanze kuhesabu moja.

Nilimwachia mkate. Aliutazama, akanirudishia. "Huo usisafiri nao peke yako," alisema, akamwita Lorna aubebe yeye.

Jumanne, 6 Mei

Mvua imepungua. Ciku alimpitisha mtoto barabarani, Mama akaingia ndani.

Alhamisi, 8 Mei

Lemein amepiga simu. Hiram anatapika, mikono inatetemeka hawezi kushika nyundo. Amekubali kuletwa Kajiado.

Jumamosi, 10 Mei

Tulimngojea kituoni, mimi na Mama, kwenye benchi lile lile. Lemein alimshusha akiwa amemshika kwapa. Mama alipomkaribia alinusa, akafumba macho, akaniambia kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, "Sasa unaona? Mimi mamake sikukosea."

Leo hakukosea. Nimelirudia daftari hili mara tatu, kama ninavyofanya na nambari za mashamba, na tarehe zimekaa wazi: tarehe 24 alikuwa mkavu, tarehe 26 alikunywa. Mama na kanisa wana tarehe 26. Tarehe 25 ninayo mimi peke yangu.

Madam Kaveke alinipa fomu ya kumpokea tena, kwa sababu Hiram hakuweza kushika kalamu na Mama alikuwa bado anaipapasa miwani yake kwenye mikunjo ya kitambaa chake cha kichwa. Niliandika jina. Umri. Kazi. Siku alizokaa bila kunywa: 142. Nilihesabu ile Ijumaa, kisha nikarudisha kidole nyuma tangu Pasaka, nikaona nimekosea, nikaandika 146. Tarehe aliyokunywa tena.

Mstari uliofuata uliuliza sababu.

Mama, akiwa ameegemea bega langu, alisema, "Andika marafiki wabaya."

Hiram alikuwa ameketi mbele yetu, paji la uso juu ya meza. Bila kuinua kichwa alisema, "Nyawi, andika pombe. Inatosha."

Madam Kaveke alikuwa akinitazama. Nilisikia njaa ile isiyo ya tumbo, nikajua kwamba njia ya kwenda dukani ni hatua arobaini. Niliandika jina langu lote, kwa herufi kubwa, kama ninavyoandika kwenye jalada la faili. NYAWIRA MUGO.

Mama alipata miwani yake. Aliivaa, akainama juu ya fomu, akaisoma kutoka juu kwa kidole, akafika pale akasimama.

"Umekosea mahali," aliniambia. "Sahihi inawekwa chini. Hapa wameuliza sababu."

"Hiyo si sahihi, Mama," nilisema.

Alirudisha kidole mwanzo wa mstari, akausoma tena.